Mshale wa Mtakatifu Teresa

Mshale ulitoweka kifuani mwa Mtakatifu Teresa siku moja kabla ya maandamano ya sikukuu yake. Sanamu ilisimama altareni, macho juu, mdomo nusu wazi kwa ule utamu wa maumivu. Kando yake malaika alikunja ngumi tupu.

"Mti uliopakwa dhahabu tu," alisema Koplo Quirós. "Mwizi kapigwa changa la macho."

"Na Fermín?" aliuliza Inspekta Leocadia Barrientos.

"Mtunza kanisa? Tumemweka mahabusu. Funguo anazo yeye, afande."

Leocadia alipapasa joho la sanamu. Mshale hukazwa kwa ndani; haung'oki bila kumvua Mtakatifu. Na aliyemvua alimvisha tena. Kila pini ilielekea nje, ncha isimguse. Ndivyo wanawake wanaomvisha wanavyofundishana, mlango umefungwa, wanaume wote nje. Fermín angejulia wapi?

Wanaomvisha ni wawili. Mmoja alikuwa amevunjika mkono, umefungwa plasta; pini asingeweza kuzishika.

Wa pili, Bi Obdulia, alikutwa jikoni akimimina supu ya kitunguu saumu kwenye chupa ya chai.

"Ya nani?"

"Ya Casilda, binti yangu. Yuko hospitali."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Kagoma kula." Alifuta mdomo wa chupa. "Tangu mdogo nilikuwa naye nikimvisha Mtakatifu. Anautazama ule uso, hapepesi. Siku moja ananiambia, 'Mama, na mimi nayataka maumivu yale.' Akaacha nyama. Akaacha mkate."

"Mshale uko wapi, Bi Obdulia?"

"Mimi nitajuaje?"

"Fermín amelala sakafuni kwa ajili yako."

Obdulia aliweka sufuria mezani.

"Uko chini ya mto wa Casilda. Nilimwambia Mtakatifu kanitokea, kasema mpelekee, na ale."

"Ulimdanganya."

"Nilimdanganya, ndiyo! Padri kasihi, madaktari wamechoma sindano, nani kaweza? Jana kameza supu, Inspekta. Kameza mwenyewe! Ukiuchukua atajua, na mdomo ule haufunguki tena."

Simu ya Leocadia iliita. Alikuwa Quirós.

"Afande, paroko anatupigia kelele."

"Mwachie Fermín. Mwombe radhi."

"Kwani mwizi kapatikana?"

"Kapatikana."

"Na mshale?"

Leocadia alimtazama yule mama, akakaza kifuniko cha chupa.

"Bado," alisema, akakata simu. "Vaa koti, mama. Supu inapoa."