Chupa ya Maji ya Kijani

Kila alasiri kengele ya kutoka ilipolia, Hasina alibaki shuleni huku wenzake wakishika njia za Msambweni kurudi makwao. Alifagia chumba cha sayansi, akafuta meza, kisha akazikagua chupa za klabu ya sayansi. Zilijaa maji ya kijani yaliyotekwa bwawani. Moja ilikaa dirishani ikiwa imezungushiwa karatasi ya buluu inayopitisha mwanga, nyingine karatasi nyekundu, na ya tatu ilifungiwa kabatini gizani.

"Huo ukijani ni bakteria," Mwalimu Beryl alikuwa amewaeleza. "Hawana macho, lakini ndani yao mna protini inayohisi mwanga. Mwanga wa buluu ukiipiga, hubadili umbo lake na kukiamsha kimeng'enya kilichoungana nayo. Kimeng'enya hicho hutengeneza kemikali inayowafanya bakteria washikane mabonge. Mwanga ukiondoka, nacho hutulia." Kisha akakaza sauti. "Chupa hizi hazitoki humu, wala mtu asionje. Baadhi ya bakteria wa bwawani wana sumu."

Ijumaa hiyo mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi, na katika chupa ya buluu hapakuonekana bonge hata moja. Maonyesho ya klabu yalikuwa Jumatatu. Hasina, aliyekabidhiwa chupa hizo mbele ya klabu nzima, aliona aibu inamjia. Akatazama huku na huku, akaitia chupa ya buluu mkobani ili akaiweke juani nyumbani, akaondoka nayo.

Kesho yake jua lilichomoza kali. Mama yake alikwenda kazini Galu, kwenye hoteli anakofua mashuka, akamwachia Hasina mdogo wake Boga, mtoto wa miaka minne. Hasina aliiweka chupa juani, kwenye ukuta mfupi wa uani, akaingia jikoni kuosha vyombo.

Alipotoka, karatasi ya buluu ilikuwa chini. Boga alikuwa ameikumbatia chupa kwa mikono miwili, kidevu chake kikichuruzika ukijani.

"Sharubati mbaya," alisema, akakunja uso.

Hasina alimkimbilia. Alimpokonya chupa, akamsukutua mdomo mara kwa mara. "Usimwambie Mama. Umesikia, Boga? Usimwambie!"

Haukupita muda mrefu, Boga akaanza kutapika. Alitapika chai ya asubuhi, kisha maji matupu, akajikunja huku ameshika tumbo. Hasina alimfuta uso. Akilini mwake yalizunguka maneno ya mwalimu: mwanga huamsha, giza hutuliza. Basi akafunga madirisha yote, akatundika kanga mlangoni, akamlaza Boga chumba cha nyuma na kumfunika blanketi gubigubi.

"Usijifunue. Kukiwa giza watalala."

"Kina nani?" Boga aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Nyamaza tu, mdogo wangu."

Joto lilipanda. Jasho lilimtoka Boga, akalilia maji. Hasina alimpa kidogo, akatega sikio tumboni kwake. Tumbo lilinguruma, naye akaruka nyuma kana kwamba ameumwa na nyoka.

"Hodi! Hodi wenyewe!" Ilikuwa sauti ya jirani yao, Mama Jumwa. Hasina alitaka kupiga kelele amwite. Lakini siri yake ingefichuka. Alijibana ukutani, akazuia pumzi, mpaka nyayo zikaenda zikapotea. Hapo ndipo hofu ilipomzidi, kwa maana sasa walikuwa peke yao kweli.

Mama aliporudi alisimama mlangoni, ameshangaa. "Mbona nyumba giza namna hii?"

"Shikamoo, Mama. Boga ana homa. Mwanga unamuumiza macho."

Mama alimfunua mtoto. Midomo ilikuwa imekauka, macho yameingia ndani. Hakuuliza la pili. Alimbeba, akaita bodaboda, na wote watatu wakakimbilia hospitali.

Daktari Abdulrahim alimpima Boga huku akiuliza, "Amekula nini?"

"Nilimwachia chai na mihogo, daktari."

"Hakunywa kitu kingine? Dawa? Mafuta ya taa?"

"La, hakunywa."

Hasina alitazama sakafu. Mara mkono wa Boga ukateleza ukaning'inia kando ya kitanda, umelegea kama kitambaa kilicholowa.

"Ni mimi!" alilia. "Amekunywa maji ya bwawani, yana bakteria! Niliichukua chupa ya shule bila ruhusa. Nikamfungia gizani ili vimeng'enya vizime."

Mama alifumba macho. Daktari hakumkemea. Aliomba nambari ya mwalimu, akamuuliza kwa simu maji yalitekwa wapi, kisha akaagiza Boga atundikiwe maji na damu yake ipimwe kuona kama ini limedhurika.

Mwalimu Beryl alifika akihema. Alipokwisha kusikia habari yote, alimkalisha Hasina benchini.

"Tumboni mwa mtu ni giza siku zote, Hasina. Na kimeng'enya nilichowaeleza huwashikanisha bakteria tu. Hakihusiki na sumu. Hata ungemfungia mwezi mzima, sumu aliyokwisha kuimeza isingetoka. Ulichomkosesha ni maji na matibabu."

Hasina alijiinamia, akalia kwa kwikwi.

Asubuhi Boga alifumbua macho, akaomba mahamri. Daktari alikuja na majibu ya damu akitabasamu: ini lilikuwa salama. "Alhamdulillahi," Mama alisema, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Daktari akamgeukia Hasina. "Ulipotuambia, tulijua la kutafuta. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe uliyaficha maradhi ya mwenzio."

Hasina alimwendea mama yake, akapiga magoti. "Nisamehe, Mama. Niliogopa utanipiga."

Mama alimwinua, akamshika mashavu kwa mikono iliyoparara kwa sabuni za kufulia.

"Ningekasirika, sikufichi. Lakini hasira yangu ingepoa kabla ya magharibi. Huyu angekufa, asingerudi. Kuogopa si kosa, mwanangu. Siku nyingine ukiogopa, ogopa huku unaniita."