Kazahiko Anapogeuka Kushoto

Chizuru alitoka kununua tofu tu. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya ghala la mpunga, theluji imeingia rangi ya majivu, na mawazo yake yote yalikuwa kwenye sufuria ya jioni. Aliporudi akapita mlango wa jikoni. Hata viatu hajavua, akasikia mnong'ono kutoka chumbani.

Mama mkwe wake.

Hakuyashika maneno. Alisikia tu sauti ikipanda na kushuka, na chini yake kiwimbo cha mchezo wa video wa mwanawe... ti-ti-ta... ti-ti-ta... Alipousogeza mlango, mnong'ono ukakatika.

Bibi Kinu alikuwa ameketi nyuma ya mjukuu wake, karibu mno, shanga za kusalia mkononi. Mizuho, mtoto wa miaka minane, hakugeuka. Alikuwa ameshika pedi yake ya kuchezea mbele ya televisheni, akimwendesha Kazahiko, yule shujaa wa kipindi cha Jumapili asubuhi, mwenye kimono nyeupe na kitambaa chekundu shingoni. Kaseti ya mchezo ilitoka kwa baba yake, Katsuji, aliyekwenda Tokyo kwa vibarua vya ujenzi vya majira ya baridi. Aliiokota kwenye meza ya vitu vilivyotumika, akaituma na barua ya kujisifu.

Tangu siku kaseti ilipofika mtoto alikuwa anapoa. Si homa, kinyume chake. Vidole baridi, midomo baridi, chakula hataki. Daktari alisema ni hali ya hewa. Chizuru hakuwa mjinga. Alikuwa na hofu ya kumpoteza mwanawe, na macho yake yalikuwa kwa ajuza huyu aliyehamia kwao vuli ile, ambaye dada yake alikuwa mmoja wa wale wanawake vipofu wanaoziita roho za wafu mlimani. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

"Mama, ulikuwa unamwambia nini?"

"Hadithi tu, mke wa mwanangu."

"Hadithi gani zisizotaka nisikie?"

Bibi akazitazama shanga zake.

Wakati wa kula, Mizuho alichokoa tofu kwa kijiti, akasema, "Mama, kwa kina rafiki yangu Sayoko ukienda kushoto kwenye mchezo unagonga ukuta. Mchezo wao mdogo! Kwangu hakuna ukuta."

"Kuna nini?"

"Theluji. Halafu kuna mtu anatungoja."

"Kula, acha porojo," alisema Chizuru. Lakini alimwona Bibi Kinu akiweka bakuli chini kabla hajamaliza. Mwizi huyo kashtuka, aliwaza.

Alipokwenda kumfunika mtoto, akalifunua tena blanketi.

Kimono ya kulalia ya Mizuho ilikuwa imefungwa kinyume. Upande wa kulia juu ya wa kushoto. Hakuna mama asiyejua maana yake. Aliye hai hukunja kushoto juu ya kulia. Ni maiti tu anayefungwa hivyo, akiandaliwa jeneza.

"Ni wewe," alinong'ona. Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni mimi."

"Umemvika mwanangu sanda!"

"Nimemficha... Akimwona hivi atadhani keshafariki. Hatamchukua."

"Nani?"

Kidole cha bibi kikaelekea kwenye televisheni. "Mtazame yule shujaa akigeuka kushoto. Tazama nguo yake, nakusihi."

Chizuru hakutazama. Asubuhi alimpeleka mama mkwe kituoni na furushi lake, akamtia kwenye basi la kwenda kwa mwanawe mwingine. Bibi hakulia wala kugombana. Alimshika tu mkono, akasema, "Jioni, mke wa mwanangu. Jihadhari na jioni." Chizuru akauchomoa mkono wake. Alirudi nyumbani mwepesi, na akaimba kidogo akimenya figili.

Jioni ikaingia.

Ti-ti-ta... ti-ti-ta...

Harufu ya ubani ilimfikia jikoni. Nyumba nzima haikuwa na ubani uliowashwa.

Mizuho alikuwa ameketi wima, mikono mapajani. Pedi ilikuwa sakafuni, peke yake. Kwenye kioo cha televisheni Kazahiko alikuwa anatembea, anakwenda kushoto, na kimono yake nyeupe imefungwa kulia juu ya kushoto. Maiti anatembea. Waundaji wa mchezo hawachori picha mbili, hilo Chizuru alishaambiwa na mwenye duka la michezo ya video: picha ni ileile, hugeuzwa tu kama kwenye kioo cha kujitazamia, kubana nafasi. Labda. Lakini mbele ya Kazahiko, kwenye theluji, kulikuwa na kitu cha kijivu. Kilikuwa kimenyoosha mkono.

"Mizuho!"

Mtoto alikuwa baridi kama samaki sokoni. Chizuru akauchomoa waya wa televisheni ukutani.

Kioo hakikuzima.

Kazahiko akapiga hatua moja. Nyingine... Ndipo Chizuru, akilia kwa sauti, akafungua mkanda wa mwanawe na kumfunga kwa mikono yake mwenyewe, kulia juu ya kushoto. Mikono iliyomlea.

Kazahiko akasimama.

Kitu cha kijivu kikashusha mkono. Kioo kikawa cheusi, na Mizuho akavuta pumzi ndefu.

Kaseti aliitupa mtoni. Wimbo ukaja vilevile jioni iliyofuata, kwenye televisheni isiyo na waya. Akapiga simu kwa mama mkwe, akaomba radhi hadi sauti ikamkauka.

"Mpaka lini, Mama?"

"Mpaka achoke yule anayengoja."

Basi kila jua likizama alimlaza mwanawe na kumvika kama maiti. Hakuzoea. Kila jioni moyo wake ulikataa, na kila jioni alifanya.

Ndivyo Katsuji alivyomkuta, aliporudi mapema kwa sikukuu ya mwaka mpya, zawadi kwapani.

"Unamfanyia nini mwanangu?"

"Baba Mizuho, nisikilize kwanza..."

"Ndiyo maana ulimfukuza mama yangu! Ulitaka nafasi, siyo?"

Alikuwa na macho ambayo Chizuru aliyajua. Ni yaleyale ambayo yeye mwenyewe alimtazamia Bibi Kinu. Katsuji akamburuta mpaka mlango wa mbele, akamsukuma kwenye theluji, akatia komeo.

"Nakuomba! Usimguse nguo! Jua linazama!"

Kupitia kioo cha mlango chenye ukungu aliona kivuli cha mumewe kikiinama. Kikafungua mkanda. Kikakunja kushoto juu ya kulia, taratibu, kwa upendo, kama baba mwema anavyopaswa. Chizuru akagonga kwa ngumi hadi kioo kikatapakaa damu.

Ti-ti-ta...

Ndani, mtoto akacheka kidogo.

"Baba, tazama," alisema. "Anakuja."