Ahadi Aliyopewa Akiwa Chini

Mwanamke wa kwanza kumshika Edirisa mashavu alimshika katikati ya barabara ya Masaka, pale Biharwe, watu wa soko zima wakiwatazama. Lori lililompiga kumbo lilikuwa limekwisha kutokomea. Maziwa aliyoyatoa Bwizibwera yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye madumu ya pikipiki yake. Wanaume wakainama wamkamate miguu na mikono, wamtupe kwenye pikapu.

"Musimuinue," alisema yule mwanamke. "Kama shingo imevunjika mutamuua. Mumuache fasi ile ile."

Alikuwa amepiga magoti kwenye lami na kitenge chake kipya cha kijani. Alivua mtandio, akamwonyesha Isma, mwenzake Edirisa wa biashara ya maziwa, namna ya kuukandamiza kwenye paja lililokuwa likivuja damu, asiuachie hata kidogo. Aliyeleta soda akarudishwa nayo. Kisha, nywele wazi mbele ya umati, akakishika kichwa cha Edirisa kisitikisike na kuanza kumuuliza maswali: jina lake nani, mama yake nani, ameoa, ana bibi? Edirisa akasema hana. Macho yakaanza kumfumba.

"Usilale, chéri. Ukipona utanioa miye. Umekubali?"

"Nimekubali," alisema Edirisa, na ambulensi ikafika.

Sasa mtu aliyegongwa kichwa ayafanye nini maneno kama hayo? Kitandani hospitalini, Mbarara, aliyageuzageuza mpaka akachoka. Muzna, ndilo jina la yule mwanamke, alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, muuza vitenge wa Misiera kule kwenye kambi ya Nakivale. Namba alipewa na Isma, na kila jioni alimpigia Edirisa simu. Aliuliza kama vidole vya miguu vinakunjika, kama amekunywa uji, kama anakojoa sawasawa. Edirisa aliona haya, lakini moyoni alitamba. Mwanamke gani atakuuliza mambo hayo kama hakupendi? Isma alisema huyo ni bibi tayari, imebaki kwenda kumposa tu.

Basi alipoweza kutembea, wakanunua sukari na nyama, Edirisa akavaa kanzu iliyonyooshwa pasi, wakaenda Misiera.

Muzna aliduwaa mlangoni pa duka. Akaeleza, kwa upole, kwamba kambini walifundishwa kumwongelesha majeruhi ili asipoteze fahamu, na swali lile la ndoa huwauliza wanaume wote, maana hakuna anayelala bila kulijibu. Edirisa alisikia uso unamuwaka. Alitamani lori lile lirudi. Isma akajifanya anachagua vitenge.

"Na simu ya kila siku?" Edirisa aliuliza mwishowe. "Hiyo pia walifundisha wewe?"

Muzna alichukua kitenge kimoja, akakikunja. "Hapana. Ile hawakunifundisha."

"Sasa mimi hapana elewa. Wewe nataka mimi ama hapana?"

"Hata miye sielewi." Alikuwa akikunja na kukunjua kitenge kile kile. "Mutu mwenye kuumia ninajua fasi ya kumushika. Muzima kama weye, sijue naanzia wapi."

Edirisa alisogea karibu naye. Akanyoosha mkono juu ya vitambaa.

"Anza hapa."

Muzna akautazama, halafu kwa mazoea akaushika kwenye kifundo, vidole viwili, akitafuta mapigo. Yalikuwa yanakwenda mbio. Akacheka, akaviteremsha vidole vyake mpaka kiganjani, akaviacha huko.