Alama za Vidole kwenye Kitambaa cha Altare

Mama Kokulinda alikuwa na jambo moja lililomkera. Alisafiri kwa basi kutoka Kamachumu hadi Mwanza, na basi lilipopita juu ya daraja jipya la Kigongo–Busisi, yeye alikuwa amelala.

"Nitawaambia nini watu wa kwetu?" alimlalamikia mwanawe, Muganyizi. "Wataniuliza daraja likoje. Niseme nililiota?"

Basi Jumamosi asubuhi Muganyizi aliazima gari la rafiki yake ili ampeleke mama yake akalione daraja. Nyumbani kwao Kiseke, hapo hapo Mwanza, alibaki mke wake, Selina.

Kabla ya kuondoka, Mama Kokulinda alifungua sanduku lake. Akatoa kitambaa cheupe cha altare. Alikuwa amekidarizi mwenyewe kwa mkono, misalaba myekundu na maua ya rangi ya dhahabu pembeni. Kesho yake, Jumapili, kanisa jipya la kigango cha akina Muganyizi lingebarikiwa. Kitambaa hicho kilikuwa zawadi yake.

"Selina," alisema, "kimeshika harufu ya sanduku. Kianike kidogo kipate hewa, halafu ukipige pasi. Nimekishona kwa macho haya mabovu. Kingine sitaweza."

"Sawa, mama."

Selina alikuwa Msukuma wa Kisesa. Mama mkwe wake hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Lakini aliongea Kihaya na mwanawe, kisha akigeuka kwa Selina aliongea Kiswahili cha adabu, kama mtu anayeongea na mpangaji. Hilo lilimuuma Selina. Alitamani mama huyu amwone kuwa mtoto wake.

Siku hiyo akapata wazo. Mama alikuja na mkungu wa ndizi kutoka shambani kwake. Selina aliamua kuzipika, ili wakirudi wakute chakula tayari. Hakuwahi kumenya ndizi mbichi. Katika nyumba hii ndizi zilimenywa na Muganyizi mwenyewe, maana Mhaya huyu hakumwamini mtu na ndizi zake.

Alianika kitambaa kwenye kamba. Akakaa uani na kisu chake, akaanza kumenya. Ndizi zilimtoa jasho. Ganda liling'ang'ania, na mikono ikaanza kunata.

Ghafla upepo ukavuma kutoka ziwani. Kitambaa kikachomoka kwenye kamba. Selina alitupa kisu, akaruka, akakidaka kabla hakijagusa vumbi.

"Asante Mungu!" alisema. Akakikagua huku na huku. Kilikuwa cheupe, safi kabisa. Akakikunja, akakiweka mezani.

Hapo ndipo alipodanganyika. Utomvu wa ndizi ukiwa mbichi hauonekani vizuri kwenye nguo. Hujionyesha baadaye, ukikauka.

Selina alimaliza kumenya, akabandika sufuria, akapasha pasi. Alipokunjua kitambaa aliona vivuli hafifu tu, akadhani ni mikunjo. Akapitisha pasi. Vivuli vikageuka kahawia. Vilikuwa vidole vinne na gumba, vimejipanga vizuri kabisa. Hata angetaka kumsingizia paka asingeweza.

Alichemsha maji, akachukua sabuni ya mche, akasugua kwa nguvu zake zote. Akasuuza na kutazama. Alama zilikuwa zimekoza zaidi.

"Nimekwisha," alisema peke yake. "Atasema mwanawe alioa mtu asiyejua kushika kitu."

Akaingia bafuni. Akarudishia mlango na kufunga dirisha, majirani wasimwone. Kwenye rafu palikuwa na jiki, ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe. Jikoni alishachukua malimau na chupa ya siki. Akawaza hivi: kila kimoja kinatoa madoa, basi vikiungana vitatoa zaidi. Hesabu hiyo inaonekana nzuri. Imewaponza wengi.

Alimimina jiki kwenye beseni. Akakamulia malimau. Akaongeza siki.

Harufu kali ikapanda. Macho yakawaka. Kifua kikabana, akaanza kukohoa bila kupumzika.

Jirani yake, Rose, alikuwa anapita uani. Rose alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa ule. Alisikia kikohozi, akasukuma mlango wa bafu.

"Selina! Toka nje! Acha kila kitu!"

Alimvuta hadi uani penye upepo. Akaziba pua kwa khanga, akarudi mara moja tu kufungua dirisha, akatoka haraka. Akamletea Selina maji anawe uso.

"Vuta pumzi polepole. Hivyo hivyo. Umechanganya nini humo?"

"Jiki," Selina alijibu kwa shida. "Na limau. Na siki."

"Ee Mungu wangu! Jiki haichanganywi na limau, Selina. Wala na siki. Wala na dawa ya kusafishia choo. Vikikutana vinatoa hewa ya sumu. Inaunguza macho na mapafu. Watu wamekufa kwa hewa hiyo."

"Lakini vyote ni vya kusafishia!"

"Vyote ni vya kusafishia, kila kimoja kwa kazi yake. Jiki peke yake na maji ni sawa, na dirisha liwe wazi. Limau peke yake ni sawa. Kuviweka pamoja ndiyo hatari."

"Ngoja nikamwage."

"Humwagi kitu sasa. Tuache hewa itoke kwanza. Harufu ikiisha, nitamwaga mimi na maji mengi. Na kifua kikiendelea kubana, tunakwenda kituo cha afya. Hilo halina mjadala."

Walikaa kivulini. Kikohozi kilipungua taratibu, kifua kikaachia. Hapo Selina akaleta kitambaa alichokuwa amekiacha jikoni. Bahati nzuri hakikuwa kimeingia kwenye lile beseni. Rose alikitazama, akaguna.

"Utomvu wa ndizi. Huu sijui dawa yake, nisikudanganye. Mimi Mkerewe, kazi yangu ni kuzila tu. Lakini anayejua yupo."

"Nani?"

"Mama mkwe wako. Amemenya ndizi tangu hajaota meno ya ukubwani."

"Huyo? Bora nirudi bafuni!"

Rose alicheka, kisha akawa mkali kidogo. "Mficha uchi hazai, Selina. Umeficha doa, kidogo utolewe humo kwa machela. Mwambie."

Mchana gari likaingia. Mama Kokulinda alishuka akiwa na furaha. "Nimeliona! Ni refu, mwanangu, mpaka shingo inachoka!"

"Shikamoo, mama," alisema Rose.

"Marahaba. Hamjambo hapa?"

Selina alipiga magoti. Kitambaa kilikuwa mikononi mwake. Alikuwa amepanga maneno mengi, yote yakakimbia. "Mama, nimekiharibu. Nilikishika na mikono ya ndizi. Nisamehe."

Mama Kokulinda alikipokea. Alikisogeza karibu na macho. Alipita na kidole chake juu ya kila alama, na uso wake ukaanguka.

"Siwezi kusema uongo," alisema. "Nimeumia."

Selina akalia. Mama akamshika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja. Kilikuwa cheusi kwa utomvu.

"Ulipaka mafuta kabla ya kumenya?"

"Mafuta gani, mama?"

Mama Kokulinda alimgeukia mwanawe. Alianza kwa Kihaya, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili wote wasikie. "Muganyizi! Umekaa na mwenzako miaka yote hii. Hujamwambia kwamba ndizi humenywa na mikono yenye mafuta?"

"Mama, nilidhani kila mtu anajua."

"Kisesa nani amwambie? Wewe ndiye uliyekosa." Akamwinua Selina. "Simama. Utomvu hauogopi maji, unaogopa mafuta. Sabuni ya mche na maji ya moto vinaukoza, na pasi inaukaza. Lete mafuta ya taa kidogo. Na nyie ondoeni jiko hapo, tusije tukaungua."

Muganyizi alisogeza jiko la mkaa na sufuria yake mbali, upande wa pili wa nyumba.

"Mama, tujaribu kwanza kwenye pindo," Rose alishauri. "Tuone kama nyuzi zinachuja."

"Umesema vizuri."

Walidondosha mafuta ya taa kidogo kwenye pindo la ndani, kwenye uzi mwekundu. Walisubiri, wakabonyeza na kitambaa cheupe. Hakikushika rangi. Wakafanya vilevile na limau. Uzi haukuchuja.

Mama aliweka kipande cha nguo kuukuu chini ya alama. Akalowesha kipande kingine na mafuta ya taa. Hakusugua. Alibonyeza taratibu, akianzia ukingoni mwa doa kwenda katikati. Kile kipande kikaanza kushika ukahawia.

"Unaona? Unatoka. Ukisugua kwa hasira unautawanya tu. Haya, endelea wewe."

Selina aliendelea. Kisha walikifua kwa maji baridi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Wakasuuza, wakasuuza tena, mpaka harufu ya mafuta ya taa ikaisha. Alama zilikuwa zimefifia sana.

"Sasa limau na chumvi," alisema mama. "Paka hapo penye doa tu, halafu tandaza juani. Jua la hapa kwenu ni kali, litatusaidia."

"Tusiweke jiki kidogo?" aliuliza Muganyizi.

Wanawake wote watatu walimgeukia.

"Hapana!" alisema Rose.

"Ingekula nyuzi zangu nyekundu," alisema mama.

"Na ingekutana na limau," alisema Selina, akakohoa kidogo.

Rose alikwenda kusafisha bafu. Mama Kokulinda akaleta chupa ya mafuta ya kula. Akamimina kidogo kwenye viganja vya Selina, kisha kwenye vyake. Zilikuwa zimebaki ndizi kwenye mkungu. Walikaa wakamenya pamoja, na safari hii ganda lilitoka bila ugomvi. Mama alimwonyesha pa kupitisha kisu. Selina alimsimulia jinsi kwao wanavyokausha vipande vya viazi vitamu kuwa michembe. Kila limau lilipokauka kwenye kitambaa, mmoja aliinuka akaongeza.

Jioni walikisuuza vizuri na kukianika. Vidole vinne vilikuwa vimetoka kabisa. Gumba liliacha kivuli chepesi sana. Mama alisema ni mwenye kujua tu atakayekiona.

Jumapili kitambaa kilikuwa juu ya altare. Selina hakusikia mahubiri vizuri, maana macho yake yalikuwa upande wa lile gumba. Hakuna aliyeuliza. Baada ya misa akina mama walimzunguka Mama Kokulinda, wakisifia kazi ya mkono wake. Selina alishusha pumzi.

Wiki hiyo alipanga vitu vyake upya. Jiki ilikaa peke yake kwenye rafu ya juu, mbali na siki na dawa ya choo. Mafuta ya taa alifunga vizuri, akayaweka mbali na jiko. Jumuiya yao ya kanisani ilipokutana kwake, Rose alimsimamisha aeleze yaliyompata bafuni. Alieleza yote, hata yale ya aibu. Mama mmoja alikiri kwamba naye huchanganya jiki na dawa ya choo kila Jumamosi, akidhani kikohozi chake ni cha vumbi.

Siku ya kuondoka, Muganyizi na Selina walimsindikiza mama hadi stendi ya Nyegezi. Basi lilikuwa linaunguruma. Mama Kokulinda alikaa dirishani. Hakumwita mwanawe. Alimwita Selina.

"Mwezi ujao binti wa mdogo wangu anaolewa. Ndizi za harusi tunamenya sisi wanawake wa ukoo, tunakesha tukiimba. Uje umenye na sisi, mwanangu. Nafasi yako iko karibu na mimi."

Selina aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlenga.

"Na mimi, mama?" aliuliza Muganyizi.

Basi lilianza kusogea. Mama Kokulinda alitoa kichwa dirishani.

"Wewe baki nyumbani ufue!"