Zamu ya Nyumba ya Kumi na Saba

Asubuhi za kijiji cha Chilangala huchelewa kuvua ukungu. Jua likiwa bado halijaupasua, mikorosho huonekana nusu nusu, jogoo huwika usijue yuko upande gani, na mtu anayekuja njiani husikika salamu yake kabla uso wake haujaonekana. Swaumu alizipenda sana saa hizo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na mama yake alizoea kusema kwamba mwanawe huyo ana kazi mbili tu duniani: kufagia uwanja na kuota ndoto akiwa macho. Kazi ya pili ilikuwa ikianza kabla ya ya kwanza kwisha, kwa hiyo nusu ya uwanja ilibaki na majani yake.

Ndoto yake kubwa ilikuwa nyuma ya jiko. Huko alikuwa amepanga miche arobaini ya mikorosho, kila mmoja ndani ya kiriba chake cheusi cha plastiki. Akichuchumaa mbele ya miche ile, Swaumu hakuona viriba. Aliona shamba lake mwenyewe likiteremka mstari kwa mstari hadi ukingoni mwa uwanda, kule ambako ukungu ukiondoka mto Ruvuma huonekana chini kabisa, mwembamba, uking'aa. Aliona maua, akasikia nyuki. Mama akiita, "We Swaumu, utachelewa shule!" ndipo shamba lote lilipotoweka.

Shida ni kwamba miche hunywa maji, na juu ya uwanda huu maji si kitu cha kuchezea. Pale kijijini yalipandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na yalipofika juu yalikuwa machache. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na zamu moja kwa wiki, ndoo nane bila kuzidi. Zamani zamu zilisomwa kwa sauti pale bombani, na kila wiki palizuka ugomvi. Ndipo kamati ya maji ikamwomba dada Shakila, binti wa Newala mjini aliyesomea kompyuta Masasi, awatengenezee tovuti. Ndani ya tovuti hiyo alipachika kipande kidogo cha programu cha kupanga zamu. Watu wa kompyuta hukiita plagini.

Kila nyumba ilipewa namba yake na neno la siri. Ukiingia unaiona ratiba nzima. Lakini kuibadilisha ilikuwa kazi ya mtu mmoja tu, msimamizi wa bomba, mzee Alfredi, ambaye simu yake ilining'inia shingoni ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji. Kitufe cha kubadilisha zamu kilionekana kwake peke yake. Simu ikisema ni zamu yako, unateka. Ikisema si yako, unarudi na ndoo zako, na hakuna aliyebishana nayo.

Jumapili moja mzee Alfredi alitaka kutuma tangazo kwenye kundi la kijiji. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja tu, na badala ya tangazo akatuma anwani ya ukurasa wake wa msimamizi. Wengi waliipita bila kuijali. Swaumu, aliyekuwa akimsomea mama yake ujumbe wa simu, akaibonyeza.

Alitegemea kufukuzwa. Ukurasa ukafunguka. Nyumba zote zilikuwa pale kwa namba na siku zao, na mbele ya kila nyumba palikuwa na neno *Badilisha*. Yeye alikuwa ameingia kama nyumba ya tisa, nyumba yao, wala si kama msimamizi. Tovuti haikumuuliza kitu.

Swaumu akaifunga simu haraka. Lakini Jumatatu aliporudi kutoka shuleni akakuta miche imelegea, majani yakitazama chini. Zamu yao ilikuwa Jumamosi. Je, ingefika Jumamosi? Akaona shamba lake likikauka mstari mmoja baada ya mwingine. Akaichukua simu ya mama. Miongoni mwa nyumba za Jumanne ilikuwamo ya kumi na saba. Akabonyeza mara mbili, na nyumba ya tisa ikahamia Jumanne, ya kumi na saba ikaenda Jumamosi.

"Ni wiki hii tu," akaiambia miche.

Jumanne mama alishangaa kuona siku yao imesogezwa mbele, lakini maji hayakataliwi. Wakateka. Walikuwa kwenye ndoo ya saba alipotokea jirani yao wa upande wa kanisani, Mama Julia, akitembea polepole. Wiki tatu zilizopita alikuwa amejifungua pacha katika hospitali ya Ndanda, na alikuwa bado hajapata nguvu.

"Shikamoo, Baba Maria," akamsalimu mzee Alfredi.

"Marahaba, Mama Julia. Pacha hawajambo?"

"Hawajambo, ila nguo zao zimejaa beseni mbili. Nimekuja kuchukua zamu yangu."

Mzee Alfredi akaitazama simu, akaisogeza karibu na pua. "Mbona hapa wewe ni Jumamosi, mwanangu?"

"Jumamosi? Si ulinitajia Jumanne kwa mdomo wako?"

"Simu inasema Jumamosi," akasema mzee, sauti imepungua.

Swaumu akaiachia ndoo aliyokuwa ameishika. Kumbe nyumba ya kumi na saba ni ya Mama Julia! Mama yake, ambaye hakujua lolote, akazitazama ndoo zake, kisha akazisogeza mbili mbele ya Mama Julia. "Chukua hizi, shoga. Wenye watoto wachanga hawawezi kukaa bila maji." Hapo Swaumu aliona aibu kuliko kama angechapwa mbele ya shule nzima.

Ndoo mbili kwa pacha zingefika wapi? Kesho yake Mama Julia akateremka bondeni kwenye chemchemi, njia ile ya mawe ambayo hata mbuzi huishuka kwa kufikiri, akarudi alasiri miguu imevimba. Kijiji kikaanza kunong'ona. Ikasemwa kuwa mzee Alfredi amepewa korosho zilizobanguliwa ili apange zamu anavyotaka. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja.

Swaumu akadhani anaweza kuyazoa maji yaliyomwagika. Akaingia tena kwa siri, akazirudisha siku zote mbili mahali pake. Lo, hapo ndipo alipoharibu zaidi! Watu walipoiona ratiba imerudi kama ilivyokuwa, wakasema, "Mnaona? Mzee anafuta nyayo zake." Mkutano ukaitishwa Alhamisi baada ya swala ya alasiri, kuamua kama mzee aendelee kulinda bomba.

Alhamisi watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Dada Shakila alikuwa ameitwa kutoka Newala, akafika na kompyuta yake mgongoni.

"Nimeikagua plagini," alisema. "Zamu zimebadilishwa mara mbili. Aliyebadilisha simjui, kwa sababu sikuifundisha kuandika jina la mtu. Hilo ni kosa langu."

"Mwenye uwezo wa kubadilisha ni mmoja tu," mtu akapaza sauti, na wengine wakaitikia.

Mzee Alfredi akasimama. Akauvua ule mfuko wa nailoni shingoni, akauweka mezani mbele ya mwenyekiti, Bwana Dauda. "Nimekaa na bomba hili tangu siku lilipochimbiwa," alisema. "Kama mnaona mikono yangu ni michafu, mpeni mwingine." Akaketi, akageuza uso ili watu wasiyaone macho yake.

Swaumu alikuwa amesimama nyuma na watoto wenzake. Kila kitu kilimjia kwa mbali, sauti za watu, vumbi, jua la alasiri, mithili ya mtu aliye usingizini. Akatamani iwe ndoto kweli, aamke akute uwanja nusu umefagiwa. Lakini mabega ya yule mzee yalikuwa yakitetemeka, na hilo halikuwa ndoto. Hakuna aliyemshuku Swaumu. Angenyamaza, asingejulikana kamwe.

"Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyemsikia. Akapita katikati ya watu mpaka mezani. "Ni mimi niliyebadilisha. Babu Alfredi hajafanya kitu. Nilitaka maji ya miche yangu." Kisha machozi yakamzidi.

Watu wakaguna. Mama yake akajishika kichwa. Bwana Dauda akauliza, "Mtoto kama wewe umeingiaje mahali pa msimamizi?"

Swaumu akaeleza yote, na Shakila akamwomba aonyeshe. Kweli, akiwa ndani kama nyumba ya tisa, ukurasa ukafunguka mbele ya macho ya kamati. Shakila akafumba macho kidogo.

"Nimeelewa," akasema. "Jamani, mgeni akipiga hodi kwako unamwambia karibu. Je, ukishamkaribisha, ana ruhusa ya kuingia chumbani na kufunua ghala?"

"Thubutu!" wakajibu kina mama.

"Basi plagini yangu ilimuuliza mtu mlangoni: wewe ni nani? Akijibu, ikamwachia nyumba nzima. Nilikificha kitufe nikadhani nimefunga mlango. Kuficha si kufunga. Ilitakiwa kila mtu anapotaka kubadilisha kitu iulize tena: wewe, kwa jambo hili, umeruhusiwa? Na nilipomaliza kuitengeneza niliijaribu kama msimamizi tu. Sikuijaribu kama mtu wa kawaida. Nisameheni."

Mzee Alfredi akarudishiwa simu yake, na wale waliopaza sauti wakamwomba radhi mmoja mmoja, wakiangalia chini. Shakila akalala kwa Mama Swaumu, na siku nzima ya Ijumaa akaifanyia kazi plagini yake. Sasa kila ombi la kubadilisha lilikaguliwa ruhusa upya, kila badiliko liliandikwa jina na saa, na zamu isingehama bila nyumba zote mbili kukubali.

Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya bomba, Shakila akampa Swaumu simu mbele ya kamati. "Ingia kama nyumba yenu. Jaribu kunishinda."

Swaumu akabonyeza. Kioo kikaandika: *Huna ruhusa ya kubadilisha zamu.* Akabonyeza tena. Ikamkatalia tena. Watu wakacheka, na yeye akajikuta anacheka pamoja nao. Hakuwahi kufikiri kwamba kukataliwa kunaweza kumpa mtu raha namna ile.

Mzee Alfredi akamwita. Swaumu akapiga goti. "Shikamoo, babu. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe tangu Alhamisi," mzee akasema. "Lakini sikiliza, na wenzako wasikie. Huyu dada ameifunga milango yake, na amefanya vizuri. Kesho utaikuta mingine iko wazi, dukani, shuleni, hata nyumbani kwa watu. Usiseme, mbona wameiacha wazi? Jiulize kama umeruhusiwa. Ukiona ufa, mwambie mwenye nyumba. Na ukishakosea, sema mapema, maana ukificha kosa lako, mwingine ndiye atakayelibeba. Mimi nimelibeba siku mbili, na ni zito."

"Ndiyo, babu," Swaumu akaitikia, na safari hii hakuwa akiota.

Zamu ya Jumamosi ya nyumba ya tisa ilitolewa kwa Mama Julia, kufidia ile ya Jumanne. Mama Swaumu ndiye aliyependekeza hivyo, na hakuna aliyemwambia Swaumu nani atabeba. Alikunja kata ya kanga, akaiweka kichwani, akatwishwa ndoo ya kwanza, akaifikisha hadi mlangoni pa Mama Julia bila kumwaga tone. Hapo akasimama nje, akapiga hodi, akangoja.

"Karibu," Mama Julia akaitikia kutoka ndani, mtoto mmoja begani na mwingine mapajani. Akamtazama Swaumu, akatabasamu. "Weka hapo kwenye kona, mwanangu. Zimebaki saba."