Tone Chini ya Gari la Shemeji

Mimi ni fundi wa magari, na huwa naonja. Kila fundi ana kipimo chake. Mwingine anaweka bisibisi sikioni akaisikiliza injini, mwingine ananusa moshi. Mimi nikikuta tone chini ya gari nachovya kidole, nagusisha ncha ya ulimi, natema. Maji ya kiyoyozi hayana ladha. Maji ya rejeta yana utamu wa kuudhi. Oili ya gia ni chungu na inang'ang'ania. Wenzangu gereji wamenibatiza Ulimi, na mdogo wangu wa kike amenicheka kwa hilo tangu nilipokuwa najifunza kazi. "Kaka, ipo siku utaonja sumu," alizoea kuniambia.

Jioni moja alinipigia simu wakati nafunga gereji.

"Pitia kwetu, kaka. Gari la shemeji yako linavuja tena."

"Si nilimwambia asilinunue?"

"Njoo tu." Akakata.

Na kweli nilimwambia. Lile lilikuwa gari la kifahari la spoti, jeusi, viti vya ngozi, limeshapita mikono ya watu wengi. Magari ya namna hiyo yakizeeka bei inashuka mpaka mtu wa kawaida anajiona tajiri, lakini spea zake hazishuki ng'o. Gasketi zinavuja oili. Mabomba ya plastiki ya kupozea injini yanapasuka. Shoku za upepo zinaisha pumzi na gari linalala chini kama mbwa mgonjwa. Nilimweleza shemeji yote hayo. Alicheka tu, akazungusha ufunguo kidoleni. Wakati ule alikuwa pande la mtu, shingo nene, kicheko chake kinasikika mpaka kwa jirani.

Nilifika jua likizama. Gari lilikuwa kwenye banda la mabati pembeni ya nyumba, mbele limeinama, pua karibu iguse ardhi. Nilitarajia harufu ya oili.

Haikuwa oili.

Ilikuwa harufu ya mdomo. Mdomo wa mgonjwa aliyelala siku nyingi bila kupiga mswaki, ule uvundo mzito wenye joto ambao ukikupuliza usoni unageuza shingo. Nilifunika pua kwa mkono wa shati na bado niliupata.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni, ameshika tochi. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu.

"Ingia umsalimie kwanza," alisema.

Kwenye kochi alikaa mtu niliyechukua muda kumtambua. Shemeji alikuwa amebaki nusu. Kavaa kofia ya sufu humo ndani kwenye joto, mguu wa kushoto kaunyoosha juu ya stuli, goti limefura na kung'aa. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga ukungu mweupe. Alipojaribu kutabasamu niliona fizi nyeusi zenye mapengo, na mate mekundu yakamchuruzika kidevuni. Aliyafuta kwa leso iliyokwisha kukauka ikawa ngumu kama kadibodi. Yule ni mtu wangu, baba wa wapwa zangu, na niliona aibu kwa kinyaa kilichonishika. Lakini kilinishika.

"Hospitali wanasemaje, shem?"

"Hawaoni kitu." Sauti yake ilipita kwenye mapengo ikawa filimbi. "Shoku ya kushoto ilipokufa, goti nalo likaenda. Taa ilipoingia ukungu... na jicho. Wewe lione tu."

Nikasema moyoni, homa inamsemesha.

"Si umrudishie yule mzee aliyekuuzia?"

"Tulikwenda, mimi na mdogo wako. Unamkumbuka alivyokuwa, anatembelea magongo? Sasa anapanda ngazi mbio, shem. Mbio! Akasema gari lake halirudi." Alikohoa, akameza kitu ambacho mtu hapaswi kumeza. "Halafu akamwita mdogo wako pembeni. Sijui walinong'ona nini."

Nilitoka nje. Nilitaka nimalize nikaoge.

Mdogo wangu alinifuata. Niliinama ubavuni mwa gari, na mwanga wa tochi yake ulikuwa umeshafika chini kabla sijauomba. Palepale. Juu ya tone.

Tone moja, nene, linavutika kama ute.

Mkono ukizoea kazi hausubiri akili. Kidole, ulimi.

Lilikuwa la moto.

Gari lilikuwa halijawashwa kwa siku kadhaa, vumbi limetanda kwenye kioo, na tone lilikuwa na joto la mwili. Kwanza chumvi. Kisha utamu wa kitu kilichoanza kuoza. Kisha ile ladha ambayo hukosei ukishaipata, ya mate ya mtu mwingine. Nilitema. Nikatema tena, nikasugua ulimi kwa shati. Haikutoka.

"Umeonja?" alinong'ona nyuma yangu.

"Nimeonja. Haya si maji ya rejeta."

Nilimsikia akishusha pumzi ndefu.

Hasira zikanipanda. Sikubali gari linishinde, tena gari la maonyesho kama lile. Nilifungua boneti, nikavuta kichujio cha hewa. Humo hukaa vumbi, majani makavu, pengine mende aliyekufa. Nilichokikuta kilikuwa nywele. Nywele fupi zenye mvi, zimeshikana kwa mafuta, na kwenye mizizi yake bado kuna magamba meupe ya ngozi ya kichwa. Zilininata vidoleni. Nikaikumbuka ile kofia ya sufu.

Nikafungua kopo la maji ya rejeta. Mfuniko ulitoa pumzi usoni pangu, ule uvundo uleule, vuguvugu. Ndani palikuwa na majimaji ya waridi yenye mapovu, na kitu cheupe kinagonga ukuta wa kopo.

Ko... ko... ko...

Nilikitoa kwa koleo. Lilikuwa gego zima, mizizi yake yote, na kipande cha ufizi kimening'inia.

Hapo ndipo gari liliponyanyuka. Betri sikuigusa, na ufunguo ulikuwa kwa shemeji. Kompresa ilikoroma, shoku zikavuta hewa, na ile pua ikapanda polepole mpaka ukingo wake ukanisukuma kidevuni. Kutoka ndani ya nyumba sauti nene ikapiga kelele, sauti niliyokuwa nimeisahau:

"Nina njaa!"

Nilikimbilia bombani. Nilisukutua kwa maji, nikasukutua kwa sabuni, nikatapika mpaka nikabaki nakokota hewa. Mdogo wangu alikuja akanisugua mgongo, taratibu, kama mama alivyokuwa akitufanyia tulipoumwa.

"Nisamehe, kaka."

"Nikusamehe nini?"

"Yule mzee aliniambia linataka mtu mwingine alionje. Basi. Likionjwa, litamwachia mume wangu." Alikuwa akilia bila sauti. "Nikasema wewe unaonja magari yote. Hakuna hata moja lililokudhuru. Nikasema pengine wewe..."

Ndani tulisikia kijiko kikikwangua sufuria.

Asubuhi gari lilikuwa nje ya gereji yangu. Shemeji anaapa hakuliendesha, na milango tuliikuta imefungwa. Halivuji tena. Wenzangu wanalisifia rangi yake, wanauliza kama naliuza. Nimewakataza wasiinamishe hata kichwa chini yake, na wananiona nina wivu.

Shemeji amenenepa. Jicho limesafika, nywele zinarudi. Juzi alinipanulia mdomo mezani, anacheka, chakula kingali ndani, anionyeshe gego jipya linavyochomoza kwa mtu mwenye umri wake. Niliangalia pembeni nisitapike tena.

Mdogo wangu ananiletea chakula gereji kila jioni. Anakaa kwenye tairi, ananitazama nikila, na hatulizungumzi. Mimi sijamwambia mtu kwamba meno ya nyuma yameanza kucheza, wala kwamba kila ninachomeza kina ladha ya lile tone. Lakini tangu siku ile ya kwanza, kabla hata jino moja halijalegea, chakula anacholeta huwa kimepondwa laini, cha kumezwa bila kutafunwa.