Nipe Mji

Upepo ndio uliokula umeme wao. Haukuwa mwinuko wala mwendo wa kasi, maana Lavonne aliendesha taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Tangu asubuhi upepo ulikuwa ukiwapiga usoni, umeishika trela nyuma yao kama mkono ulioshika pindo la gauni, na chaji ya gari ikashuka mbele ya macho yake kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Barabara kuu ilikuwa imefungwa kwa vumbi. Ramani ya gari ikamwonyesha njia ya udongo, inayokata katikati ya ardhi ya Wanavaho, wenyeji asilia wa Marekani, mpaka lami ya upande wa pili, fupi kwa nusu nzima. Lavonne akafikiri kwamba njia fupi hula chaji kidogo. Hapo ndipo alipokosea. Mchanga laini unameza umeme mwingi kuliko lami hata iwe ndefu vipi, na trela nayo ni mzigo usio na huruma. Kabla jua halijafika utosini gari liliandika kwenye kioo chake kwamba limechoka, likajikokota mpaka kwenye kichaka cha mreteni, likazimika. Simu haikushika mtandao.

"Tumefika?" aliuliza Orrin, mumewe.

"Bado, mzee. Tunapumzika."

Orrin alikuwa fundi wa nguzo za umeme. Ujana wake wote aliumaliza juu ya nguzo, akitandaza nyaya kutoka mji hadi mji katika jangwa hili hili. Sasa akili yake ilikuwa ikizimika nyumba moja moja, kama mtaa unaokatiwa umeme. Kwanza yalipotea majina ya majirani, kisha jina la binti yao Janelle, na siku nyingine hata la kwake mwenyewe. Kitu kimoja tu kilibaki kikiwaka. Tangu uchumba wao walitegeana vitendawili safarini, naye bado alijua kuitika, kufikiri, kushindwa na kutoa mji. Miji aliyoitoa ilikuwa ile waliyowahi kuishi: Winslow, Gallup, Socorro. Lavonne naye akishindwa alitoa mji wowote, isipokuwa Durango.

Durango ndiko alikokuwa Janelle. Huko kulikuwa na chumba kilichopakwa rangi, na kitanda chenye vyuma pembeni ili mgonjwa asianguke. Kila alipopiga simu Janelle alisema yale yale, kwamba mama humwezi peke yako, mlete. Na Lavonne alijibu yale yale, kwamba baba yako halali popote ila kitanda cha trela. Moyoni aliamini kwamba magurudumu yakisimama, Orrin naye atasimama. Basi wakazunguka, kambi hadi kambi, majira hadi majira. Usiku alilala ubavuni pa mumewe, na alimkumbuka kama mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Alishuka akakagua. Chini ya trela jiwe lilikuwa limevunja bomba la tangi, na maji yote yalikuwa yamemwagika njiani bila yeye kujua, yakaacha mstari mweusi mchangani ambao jua lilikuwa tayari linaufuta. Kilichobaki ni dumu moja dogo lisilojaa, biskuti za chumvi na kopo la mapichi. Sola ndogo ya paani ilitosha kuzungusha feni tu. Angeifungua trela na kuiacha mapema, gari likiwa jepesi, wangefika lami. Aliliwaza hilo wakati chaji ingalipo, akalifukuza kama nzi.

"Tutakaa kivulini," alimwambia Orrin. "Mtu atapita."

Hakupita mtu. Joto liliingia ndani ya trela likaketi nao. Lavonne alimvua mumewe viatu, akamlowesha midomo kwa kitambaa, akajinyoosha pembeni yake apumzishe macho kidogo. Usingizi ukamwiba.

Alipoamka mlango ulikuwa ukijipiga kwa upepo. Kofia ya Orrin ilikuwa msumarini. Viatu havikuwepo.

Alichukua chupa, akaijaza nusu, akatoka mbio. Nyayo zilielekea mkono wa kulia wa njia, zikapinda kwenye vichaka, zikapanda mwamba mwekundu mpana kama uwanja, na hapo zikaisha. Nyuma yake upepo ulikuwa tayari unazifuta za kwake.

"Orrin!"

Miamba ikamrudishia jina lile vipande vipande. Aliita mpaka koo likakwaruza. Jua lilimchoma mabega, na kila mwamba ulifanana na mwenzake. Kisha akakumbuka zile siku ambazo mumewe mwenyewe huliangalia jina hilo kama barua ya mtu mwingine. Kumbe alikuwa akimwita mtu aliyekwisha kuhama.

Akasimama.

"Kitendawili!"

Upepo tu.

"Kitendawili!"

Na kutoka chini, korongoni, sauti ya mtu asiye na haraka yoyote ikajibu, "Tega."

Miaka yote ile ya kutega, na sasa kichwa kitupu. Akasema la kwanza lililomjia.

"Ng'ombe wangu weupe wanachungwa na asiyeonekana!"

Kimya. Mzee alikuwa anafikiri. Lavonne alishuka kwa makalio kwenye mteremko wa mawe, viganja vikichubuka, akiufuata ule upande wa kimya.

"Mbuzi," sauti ilisema, sasa ikiwa kushoto.

"Umekosa! Nipe mji!"

"Nakupa Winslow."

"Nimekwenda Winslow," alisema Lavonne akihema, akijivuta kati ya kuta mbili za mwamba, maana aliogopa sauti ile ikikatika hataipata tena. "Nimepokewa, nimekula, nimeshiba. Jibu ni mawingu, na mchungaji ni upepo. Unasikia, mzee? Kitendawili!"

"Tega basi. Mbona unapiga kelele?"

Alikuwa pale pale, chini ya ukingo wa mwamba, mguu mmoja umenyooka. Goti lilikuwa limepasuka na damu imeganda pamoja na vumbi. Midomo yake ilikuwa myeupe kama iliyopakwa chokaa.

"Umechelewa, bibie," alisema.

Lavonne alimnywesha kwa kifuniko cha chupa. "Polepole. Usimeze yote."

"Na wewe je?"

"Nimeshakunywa." Hakuwa amekunywa.

Alivua kitambaa cha shingoni akalifunga goti. Walipopanda juu ya mwamba hapakuwa na nyayo wala njia, hata paa la trela halikuonekana. Hofu ilimpanda, kisha akauhisi upepo shavuni. Ule ule uliokula umeme. Asubuhi yote uliwapiga usoni njiani. Alipokuwa akija huku ulimpiga shavu la kushoto. Basi akageuka mpaka ukampiga la kulia, akapitisha mkono wa Orrin mabegani mwake, wakaanza kutembea. Mzee alikuwa mzito. Walianguka, wakaketi, wakainuka. Kila upepo ulipotulia alisimama kuungoja, kama mtu anayemngoja mwenyeji amwonyeshe nyumba. Jua lilikuwa limeinama walipoikanyaga njia ya udongo, na mbali kidogo trela ilionekana, nyeupe na peke yake.

Usiku walikula mapichi, wakagawana sharubati yake kijiko kwa kijiko. Dumu likakauka kabla ya alfajiri.

Asubuhi, jua lilipoanza kuuma, vumbi liliinuka njiani. Ilikuwa pikapu ya zamani ya buluu, na tangi tupu la maji likigongagonga nyuma. Aliyeshuka ni mama mnene kiasi, mwenye kofia ya majani na mbwa wa kondoo. Jina lake lilikuwa Bernadine Etsitty, lakini hakulisema kwanza. Aliwatazama midomo, akatoa chupa yake ya maji chini ya kiti.

"Kunyweni. Salamu zitasubiri."

Walipokwisha kunywa aliuliza gari lina nini. Lavonne akamweleza kwamba ni la umeme, limeishiwa chaji. Bernadine alilizunguka lote, akarudi alipoanzia.

"La umeme," alisema. "Mama, nyaya zinapita juu ya zizi langu tangu nazaliwa, umeme hautaki kushuka. Nawe umekuja kuutafuta huku."

"Nguzo zile nilizisimamisha mimi," alisema Orrin, ameketi kwenye kidato cha trela.

Bernadine akamgeukia, mikono kiunoni. "Kumbe ni wewe. Kesi yako iko kwangu siku nyingi, mzee."

Orrin alicheka mpaka mdomo wake uliokauka ukatoka damu. Lavonne hakukumbuka mara ya mwisho kusikia kicheko kile.

Bernadine alisema anaenda kuchota maji kwenye bomba la kando ya lami, na kamba anayo, ila pikapu yake kuukuu haiwezi gari na nyumba kwa pamoja. Achague. Lavonne aliitazama trela, kitanda kikionekana mlangoni. Kisha alipiga magoti mchangani akaifungua kwa mikono yake mwenyewe.

"Nitarudi kuivuta mpaka kwangu," Bernadine alisema. "Mkichelewa sana kuifuata, nitaizoea."

Kamba ikakaza. Lavonne alishika usukani, Orrin pembeni yake, na kabla hawajafika mbali mzee alikuwa amelala usingizi mzito kitini, mdomo wazi. Yeye asiyelala popote ila kitanda cha trela. Lavonne alimwangalia kwa muda mrefu. Kwenye kioo cha nyuma trela ilipungua, ikawa kama jino, ikapotea.

Ndipo kioo cha gari, kilichokuwa kimezimika, kilipowaka tena akaona namba ya chaji. Ilikuwa inapanda. Magurudumu yaliyozungushwa na nguvu ya mwingine yalikuwa yakirudisha umeme kwenye betri, kama yafanyavyo kwenye mteremko. Kadiri walivyokokotwa, ndivyo gari lilivyoshiba. Akacheka peke yake, na machozi yakaja bila kuitwa.

Shimo la njia likamwamsha Orrin.

"Kitendawili," Lavonne alisema.

"Tega."

"Nikivuta nakonda, nikivutwa nanenepa."

Orrin aliitazama kamba. Akaitazama mikono ya mkewe kwenye usukani, viganja vilivyochubuka, kucha zilizovunjika. Alifikiri muda mrefu sana.

"Wewe," alisema.

Lavonne alifungua mdomo amwambie amekosa, kwamba jibu ni gari. Mbele yao lami ilianza kung'aa.

"Umenishinda, mzee."

"Basi nipe mji."

Alipangusa uso kwa mkono wa gauni.

"Nakupa Durango."

"Nimekwenda Durango," alisema Orrin, akakilaza kichwa tena dirishani. "Nimekuta taa zinawaka."